Je, Ni Dhambi Kuruka Wimbo?



Leo naanza na swali ambalo si langu. Kwaresima iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, tulikaa nje kwenye mabenchi, vijana kama kumi na tano hivi wa VIWAWA, tukiulizana nani atafunga nini. Mmoja akasema atafunga soda. Mwingine akasema atafunga kubeti, akachekwa, maana wote tunamjua. Binti mmoja ambaye huwa haongei sana akauliza: "Eti jamani, kuruka wimbo ni dhambi?"

Akaeleza. Ana nyimbo za kwaya zaidi ya mia tatu kwenye simu, na siku hizi hamalizi hata mmoja. Sekunde kumi, ishirini, kidole kishafika kwenye kitufe, twende unaofuata. Halafu akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa linamuuma hasa: "Hata nikisali rozari najikuta natafuta pa kubonyeza."

Tulicheka. Mimi kama mlezi wa kikundi nikajibu haraka haraka: dhambi ni kumkosea Mungu na jirani, ukiruka wimbo hujamkosea mtu, wimbo hauumii. Wakapiga makofi, tukarudi kwenye habari ya soda.

Nimeona niandike kwa sababu jibu lile lilikuwa sahihi nusu tu, na ile nusu nyingine nimekuja kuilipia. Nitaeleza. Lakini kwanza tukiangalie hicho kitufe chenyewe, maana tunakibonyeza kila siku bila kukitazama.

Bibi yangu, mama yake baba, anakaa hapa hapa Nkuhungu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Ana kile kiredio mnachokijua wote, cha plastiki, chekundu, kinaingia mfuko wa koti, kinakula memori kadi na flashi. Mlinzi wa usiku anacho, mama wa mboga anacho, mchunga ng'ombe njia ya Kondoa kakining'iniza shingoni. Mbele kina vitufe vitano. Cha katikati ni cha kupiga na kusimamisha. Cha kulia ni mbele, cha kushoto ni nyuma, vilivyobaki ni cha kuhamia redio na cha kurudia wimbo. Kwenye kioo hakuna jina la wimbo wala la kwaya. Kuna namba nyekundu tu.

Sasa ujanja uko hapa. Kile kitufe cha mbele kina kazi mbili. Ukikigusa mara moja, kinaruka wimbo. Ukikikandamiza na kushikilia, kinaongeza sauti. Kitufe kile kile, kidole kile kile, tofauti ni muda tu. Aliyekitengeneza hakuwa anawaza maisha ya kiroho, alikuwa anabana gharama ya vitufe viwili. Ila mimi kila nikikishika nawaza: mwenye haraka anaondoka, mwenye kutulia anasikia zaidi.

Bibi hakipendi. Akikikosea, akagusa kidogo wakati alitaka sauti, anapotea, na hana macho ya kusoma namba. Kwa hiyo utaratibu wake ni mmoja tu: asubuhi anawasha, redio inaendelea ilipoishia jana, anaiacha itembee. Nyimbo zimepangwa kwa jinsi zilivyoingizwa kwenye kadi, wala si kwa alfabeti wala kwa kwaya, na yeye ameukariri mfuatano wote. Baada ya ule wa Pasaka unakuja wa mazishi. Baada ya wa mazishi, rozari ya matendo ya uchungu. Kisha mahubiri yaliyokatika katikati. Kisha namba 27, ambayo nitaifikia.

Kama umewahi kusali rozari umeme umekatika, unaielewa hali ya bibi. Vidole vinajua ulipo. Ukifikiri vizuri, rozari nayo ni chombo cha mfukoni kinachoendeshwa kwa kidole, bila kioo, punje 59 ukizihesabu zote, na hakuna hata moja ya kuruka. Yule binti alikuwa anatafuta kitu ambacho hakijawekwa.

Wakubwa wetu waliokulia kwenye kaseti watasema sisi tumedekezwa. Na kweli. Kwenye kaseti ukitaka wimbo wa nne ilibidi ufowadi kwa kukisia, usimamishe, usikilize, umepitiliza, urudishe. Betri zinakwisha. Waliokuwa wabahili wa betri walirudisha utepe kwa kuuzungusha na kalamu. Matokeo yake watu walisikiliza upande A mpaka mwisho, wakageuza, wakasikiliza upande B, pamoja na ule wimbo ambao hakuna aliyeupenda. Mama yangu mpaka leo anaimba nyimbo ambazo anasema hazipendi. Amezijua kwa sababu zilikuwa njiani kuelekea zile anazozipenda.

Kuna jambo moja kuhusu Walkman ambalo lilinigusa nilipolijua. Sony waliitoa ile ya kwanza Japani mwaka 1979, ikawa ndiyo iliyowafundisha watu wengi kutembea barabarani na muziki masikioni. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na juu yake kitufe cha rangi ya machungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka, kipaza sauti kidogo kinawaka, na unamsikia mwenzako anayezungumza nawe bila kuvua hedifoni. Akio Morita, mkuu wa Sony, aliogopa kwamba mtu kusikiliza peke yake itakuwa ni utovu wa adabu. Alieleza kuwa mkewe alijiona ametengwa alipomkuta na hedifoni kichwani. Kwa hiyo wakaweka kitufe cha jirani. Hebu fikiria! Kulikuwa na kitufe ambacho kazi yake ni kukumbuka kuwa kuna mtu pembeni yako. Matoleo yaliyofuata wakakiondoa. Watu hawakukidai.

Kisha ikaja zama ya mafaili. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple walionyesha iPod yao ya kwanza: nyimbo elfu moja mfukoni, na mbele gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba. Vifaa vingi vya kabla yake vilikutaka ubonyeze na kubonyeza ili ushuke kwenye orodha. Gurudumu lile ukilizungusha orodha inateleza, na ukiendelea inaongeza kasi. Hapo ndipo kuchagua kulipokuwa kwepesi kuliko kusikiliza. Mwaka 2005 wakatoa ndogo zaidi, iPod shuffle, isiyo na kioo kabisa, ambayo iliuzwa kwa wazo la kuchanganya nyimbo: hujui kinachokuja. Nilipenda hiyo, inafanana na ya bibi. Lakini watu wakalalamika kwamba mchanganyiko si wa bahati kweli, mbona msanii huyo huyo kaja mara mbili mfululizo? Apple ikabidi waweke namna ya kuupunguzia mchanganyiko bahati yake ili usikike kama wa bahati. Yaani tunataka kushangazwa, ila kwa namna tutakayoipenda. Wengine ndivyo tunavyosali.

Mtaniuliza, sasa kitufe kina kosa gani? Hakina kosa, na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna wahubiri wepesi wa kulaani kila chenye betri. Kuruka kuna wakati wake mtakatifu. Umepanda bodaboda, dereva kafungulia wimbo wa matusi, ukamwomba aruke: umefanya vema. Uko chumbani, unaujua wimbo unaokurudisha kwa mtu uliyeahidi kwenye kitubio kumwacha. Ukiuruka umeruka shimo. Kulinda masikio ni fadhila. Kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba mwenye kuruka anakosea, nikafunga makala.

Ila Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kutazama tabia na si tendo moja moja tu. Fadhila, anasema, ni tabia iliyokaa. Inajengwa kwa kurudia rudia, mpaka jema linakuwa jepesi kulitenda. Katekisimu namba 1803 inasema hivyo hivyo kwa maneno yake. Kilema nacho kinajengwa kwa njia ile ile. Tendo moja la kuruka wimbo halina uzito, sawa na punje moja ya mchanga. Lakini binti yule hakuniuliza kuhusu tendo moja. Aliniuliza kuhusu kidole ambacho kimebonyeza mara elfu kumi, na sasa kinabonyeza chenyewe hata pasipo na kitufe. Aliniuliza amekuwa mtu wa namna gani. Nami nikamjibu kuhusu wimbo.

Na kidole hakijui tofauti. Hakijui kwamba hii ni kwaya na huyu ni mama anayesimulia kitu kwa mara ya tatu. Kimejifunza somo moja: kikianza kunichosha, kipo kinachofuata. Mnajua jinsi tunavyosikiliza mahubiri. Mnajua tunavyopokea simu ya ndugu anayeanza salamu kutoka mbali, habari za huko, mvua, mifugo, na sisi moyoni tunasema, fika basi kwenye shida yako.

Sasa namba 27.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Siku chache kabla, hospitalini, alimwomba dada amrekodi kwenye simu. Dada akaiweka simu kitandani, akabonyeza, akatoka kwenda kuchukua maji ya moto ya uji. Rekodi ina dakika 14. Baadaye mtu wa kibanda alipotuhamishia nyimbo za kwaya kutoka simu ya dada kwenda kwenye kadi ya bibi, alihamisha kila kitu, na sauti ya baba ikaangukia kati ya mahubiri na wimbo wa Bikira Maria.

Mimi nilikuwa naijua. Mwanzo wake naujua kwa moyo: anakohoa, anasema "imewaka?", anaanza kutaja mbuzi, nani ana wangapi, deni la duka, ada ya mdogo wangu. Sauti ya mgonjwa. Sikuweza. Kila nilipokuwa kwa bibi na ile "imewaka?" ikaanza, mkono wangu ulikuwa unafika kwenye kitufe kabla hata sijaamua. Namba 28, Bikira Maria. Dada naye hivyo hivyo. Tulikuwa tunaruka kwa sababu tulimpenda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Bibi hakuruka. Niliona ni kwa sababu haoni vitufe.

Novemba nilikuwa nampigia bibi lipu ukuta wa nyuma, mvua zisije zikalowesha matofali. Mko mnajua Dodoma, mvua ni chache ila ikija inakuja na hasira. Nilikuwa juu ya pipa, mwiko mkononi, saruji mpaka kwenye viwiko. Bibi yuko chini kwenye kigoda, redio mapajani. Mahubiri yakakatika pale yanapokatikaga, kisha: "Imewaka?"

Nikasema, "Bibi, ruka hiyo."

Akasema, "Mimi sijui kuruka, baba."

Kushuka nisingeweza, lipu ingekauka. Kwa hiyo nikaendelea kusawazisha ukuta, na baba akaendelea. Mbuzi. Duka. Ada. Salamu kwa jumuiya. Kisha akakohoa muda mrefu, kisha kimya. Kimya kile ni kirefu. Hata kama ningewahi kusikiliza mpaka pale, ningedhani imekwisha. Bibi hakusogea. Kama baada ya dakika nzima sauti ikarudi, chini sana, na bibi akakandamiza kitufe cha mbele, akakishikilia, sauti ikapanda.

Baba alisema ule mpaka wa shamba la kijijini, wa mikonge, upande wa magharibi, ni yeye aliyeuhamisha. Mwaka ambao jirani alikuwa anauguliwa na hakulima. Hatua kumi na mbili. Akasema kesi ile ya barazani alishinda kwa kusema uongo, na watoto wake hawajui, na anaomba warudishe. Akasema, "Mnisaidie hilo." Kisha ikaja sauti ya mlango, na dada anauliza kama maji yamepoa.

Namba 28.

Nilimuuliza bibi kwa nini hakutuambia. Sikuuliza kwa upole, Mungu anisamehe. Akasema, "Nilijua mmesikia. Redio mnaishika ninyi kila siku. Nikadhani mmekaa mkakubaliana mnyamaze, na mimi mzee nani atanisikiliza? Nikawa namtolea rozari." Nadhani bibi naye alikuwa na la kwake la kuungama hapo, na amekwisha kuliungama, hivyo naliacha.

Mwezi Novemba, vijana wenzangu. Mwezi wa marehemu. Wiki ile ile nilikuwa nimetoa nia ya Misa kwa ajili ya roho ya baba, jina lake likasomwa altareni. Nilimwombea baba apumzike na nilikuwa naruka kitu kimoja alichokiomba ili apumzike. Miaka miwili. Misimu miwili ya uwele imevunwa kwenye zile hatua kumi na mbili, na ugali wake nimeula.

Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inakataza wazi kuhamisha alama ya mpaka wa jirani; watu wa kale walijua kuwa jiwe la mpaka ni rahisi kulisogeza usiku. Na Katekisimu namba 2412 inasema haki inadai aliyechukua arudishe, na inawahusu pia walionufaika wakijua. Hapo kwenye "wakijua" ndipo nilipojaribu kujificha. Nilijitetea moyoni siku mbili nzima: mimi sikujua. Lakini je, nisingeweza kujua? Maneno yalikuwa kwenye meza ya bibi, mita mbili kutoka kwenye kiti changu, yakisemwa kwa sauti karibu kila siku. Kutokujua kwangu kulikuwa na kitufe.

Kwa hiyo naomba radhi kwa jibu nililotoa Kwaresima. Nilisema wimbo hauumii. Sikuuliza kama kuna mtu nyuma ya wimbo, na nyuma ya mtu huyo mtu mwingine, mwenye shamba.

Nimejiuliza sana tangu hapo: kusikiliza ni nini? Kiswahili chetu kina bahati, kinatofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia kunatokea tu, masikio hayana kope. Kusikiliza ni kukaa. Na nimefika mahali naona kuwa kusikiliza hasa kunaanzia pale ninapoacha kuchagua. Nikichagua kila ninachosikia, nikaruka kila nisichokipenda, basi mwisho wa siku nimejisikia mwenyewe: nyimbo za watu wengine, lakini orodha ni yangu. Hakuna aliyeniambia kitu.

Tazameni namna Mungu anavyoongea na watu wake. Samweli kijana hakuomba kuitwa. Aliitwa usiku, usingizini, na mara tatu alikwenda kwa mtu asiye sahihi. Angekuwa na iafoni tusingekuwa na kitabu chake. Na Mtakatifu Agustino! Mwaka 386, kule Milano, yuko bustanini analia, hajui aanze vipi kuacha maisha ya zamani. Anasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikiimba maneno yale yale, ikirudia. Anajiuliza kama kuna mchezo wa watoto wenye wimbo kama huo, hakumbuki. Hakuuchagua wimbo. Ulipita juu ya ukuta. Akainuka, akafungua barua za Paulo, na mengine mnayajua. Huyu huyu Agustino, akiwa tayari askofu, aliandika kwamba alikuwa na wasiwasi na muziki wa kanisani, kwa sababu alijikuta mara nyingine akiguswa na uimbaji kuliko kinachoimbwa. Alifuatilia hata masikio yake. Wanakwaya, hiyo isomeni wenyewe katika Maungamo, kitabu cha kumi, msininunie mimi.

Misa nayo haina kitufe. Zaburi ya Jumapili haikuchaguliwa kwa ajili ya hali yangu. Nimefurahi, inaimbwa ya maombolezo. Nimefiwa, inaimbwa ya shangwe. Zamani niliona ni kasoro, nilitamani Misa inayonifaa siku hiyo. Siku hizi nafikiri kwamba siku ninayoimba maombolezo nikiwa na furaha, kuna mtu benchi la nyuma ambaye yale ni yake, na mimi namsaidia kuyabeba.

Nilimrudia yule binti, nikamwambia nilimjibu vibaya. Sikumpa sheria. Nilimwambia tu ninachojaribu: wimbo mmoja kwa siku mpaka mwisho, simu ikiwa mbali na mkono, hata ukiwa mbaya. Baada ya wiki moja akaniambia kuna wimbo ameupenda tangu kipaimara na hakuwahi kujua una beti la nne. Rozari bado inamshinda, anasema, ila sasa anajua kinachomshinda. Amepunguza pia kuwakatiza watu, mama yake ndiye aliyeligundua hilo, si yeye.

Kwa upande wetu haikuwa rahisi. Baba mdogo ndiye anayelima lile shamba, na alisema sauti ya mgonjwa aliyechomwa sindano si ushahidi. Tulikaa kikao mara tatu. Mara zote mbili za kwanza, rekodi ilipofika kwenye mbuzi alitoka nje kupokea simu. Mara ya tatu bibi akamwambia akae, akakaa. Mikonge tuliihamisha Jumamosi moja kabla ya mvua ya kupandia, baba mdogo akiwa amenuna, lakini jembe alishika.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa jirani mwenyewe kijijini, nikamweleza. Mzee wa miaka sabini na kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akasema anataka kumsikia mwenyewe. Nilikuwa nimebeba kiredio cha bibi mfukoni, ila njiani kilikuwa kimekufa chaji, na kikizimika hivyo kinasahau kilipoishia. Tukakichomeka kwenye sola ya kwake, kikawaka, namba 1, ule wimbo wa kwanza kabisa wa kadi, wa Majilio. Nikaanza kubonyeza haraka haraka kwenda 27, ndiyo hivyo tena, kidole ni kidole.

Mzee akanishika mkono. "Acha," akasema. "Huo tuliuimba kigangoni mimi na baba yako. Yeye besi, mimi teno."

Akamwita mkewe alete kiti kingine. Mkewe akaleta kiti, na karanga kwenye ungo, akakaa na yeye. Tukamenya. Wimbo ukaisha, ukaja wa pili, wa tatu. Mzee alikuwa anaimba teno yake chini chini pale alipokumbuka. Tulipofika namba 9 bodaboda wangu akapiga simu kuuliza kama narudi leo, nikamwambia aende tu.